Gari ya Karao Ikistaafu, Nani Aichukue?

SHIRU: Tuko hewani? Sawa. Karibuni tena, mimi ni Shiru, huyu hapa ni Odhis, leo amekuja na chai yake mwenyewe juu hatuamini ya studio. Kuna meseji imeingia ya mama mmoja anasimamia nyumba ya watoto huku Eastlands, anasema kuna mfanyabiashara alinunua Land Cruiser ya polisi kwa mnada, ni mzee kidogo lakini inawaka, sasa huyo jamaa anataka kuwapa bure kabisa. Anauliza wachukue ama waache. Mi nikasema kwani hilo ni swali? Bure ni bure bana.

ODHIS: Pole pole dada yangu, kwanza ni hati ya umiliki wa gari. Logibuku iko kwa jina la nani?

SHIRU: Yaani hata hongera hujampa.

ODHIS: Hongera mama. Logibuku iko kwa jina la nani? Juu gari ya polisi ikitoka kazini inatoka na namba ya GK, ile ya magari ya serikali, na wewe raia huwezi zunguka mjini na GK, hiyo namba inarudi serikalini alafu gari inasajiliwa NTSA, ile mamlaka ya usafiri, ipewe namba ya kuanza na K kama ya watu wengine. Sasa mtu ananunua kwa mnada anapewa risiti na barua, anavuta gari hadi kwake, inakaa kwa uwanja, makaratasi anasema atashughulikia mwezi ujao. Mwezi ujao haufiki. Akikupa hiyo gari amekupa na hiyo kazi yake.

SHIRU: Si transfa ni kwa eCitizen tu, ile tovuti ya huduma za serikali?

ODHIS: Ni kwa eCitizen, lakini hiyo nyumba ya watoto iko na PIN yake ya KRA, ile namba ya watu wa ushuru? Kama haina, gari itaandikwa jina la huyo mama, na siku akiondoka hapo ndio utasikia vita.

SHIRU: Haya, hapo umeniweza. Lakini kitu inanisumbua ni hii, kwa nini polisi wenyewe wasipeane moja kwa moja? Yaani lazima auziwe mtu ndio huyo mtu aone huruma? Na ukipita stesheni yoyote hapa Nairobi uwanja umejaa magari yamemezwa na nyasi!

ODHIS: Hizo nyingi si za polisi, ni vielelezo vya kesi na zenye zilipata ajali, haziguswi mpaka korti imalize. Zile zao zenyewe zinafuata sheria ya ununuzi wa umma na uuzaji wa mali ya 2015. Lazima kuwe na kamati inayokaa na kusema hii imechoka, na njia kubwa za kuiondoa zimeandikwa, inaweza kuhamishiwa taasisi ingine ya umma, iuzwe kwa tenda, iende mnada, ama ibadilishwe na mpya huku unaongeza pesa. Na wafanyakazi wa hiyo ofisi hawauziwi ovyo ovyo, sheria imebana hapo, mnajua vile ingekuwa.

SHIRU: Tunajua sana.

ODHIS: Sasa hiyo ya kuhamisha ndio inakaribia zawadi, lakini anayepewa lazima awe wa umma pia. Hospitali ya kaunti inaweza kupata. Nyumba ya watoto ya mtu binafsi haingii na hiyo njia. Alafu tangu 2013 serikali ilianza kukodisha magari ya polisi, ndio maana unaona gari ya karao na namba ya kawaida, hiyo mkataba ukiisha inarudi kwa kampuni. Huwezi gawa kitu cha wenyewe.

SHIRU: Na Marekani je? Nilikuwa nafikiri kule ni rahisi, unaita tu watu wa misaada wanakuja kuvuta gari.

ODHIS: Wanakuja ndio, lakini mara nyingi hawaiendeshi hata siku moja! Wanaipeleka mnada, pesa ndio inasaidia watu. Na aliyetoa anapunguziwa ushuru, ikiuzwa zaidi ya dola 500 kwa kawaida anahesabiwa ile bei iliuzwa, anatumiwa fomu ya kuonyesha hiyo bei, inaitwa 1098-C. Idara ya polisi haina kodi ya mapato ya kupunguza, so anayefaidika hapo ni mtu binafsi kama huyu wetu, alinunua kwa mnada akachoka nayo.

SHIRU: Kumbe hata kule wanaona heri pesa.

ODHIS: Na kuna sababu, gari ya polisi inachoka vibaya. Ford walikuwa wanaambia polisi wa kule, kwa zile gari zao za Crown Victoria, saa moja injini ikinguruma gari imesimama uhesabu kama maili 33, hiyo ni kama kilomita 53. Sasa chukua gari inakaa pahali imewashwa masaa manne kwa siku, hapo ni zaidi ya kilomita 200 za uchakavu na dashibodi haijasoma kitu. Wewe unaangalia kilomita unasema eish hii haijatembea. Haijatembea lakini haijalala!

SHIRU: Sasa hiyo ni Ford ya petroli, hapa tunaongea Land Cruiser. Ile injini ya dizeli ya 4.2 haifi Odhis, na spea ziko Kirinyaga Road kila duka.

ODHIS: Injini haifi, lakini klachi, springi na bushi zinakufa, na bei ya spea ya Land Cruiser si ya Probox. Kabla ya kushika funguo, ipelekwe kukaguliwa kwa kituo cha serikali cha ukaguzi wa magari pale Likoni Road, na fundi asiyejuana na mwenye gari aingie chini aangalie chesisi.

SHIRU: Mimi kile kinanikaa kwa roho ni kingine. Wale watoto, wengine walitolewa mtaani, na kuna wenye mara ya kwanza kupanda gari maishani walipanda hiyo hiyo mariamu, gari ya polisi ya kubeba washukiwa, wakibebwa kwa msako. Alafu leo umwambie panda twende kanisani? Hata majirani, iingie hapo soko la Muthurwa na ile rangi ya polisi, wachuuzi watakuwa wamefunga mizigo kabla hujapaki. Mimi nasema rangi ibadilishwe yote, si kutoa stika tu.

ODHIS: Na hiyo rangi mpya iingie kwa logibuku. King'ora, zile taa za juu, redio, yote itoke, ukipatikana nayo utaeleza. Na isibebe watoto wa shule, gari ya wanafunzi inatakiwa manjano, na zile benchi za nyuma za kukaa ubavu hazina mikanda. Ibebe unga na maji.

SHIRU: Kuni pia.

ODHIS: Sasa mi ningeambia huyo jamaa auze tu, atume pesa.

SHIRU: Hapana, hapo nakataa. Pesa kwa nyumba yenye watoto inaisha wiki mbili, unalipa deni la duka na karo imeisha, hakuna mtu ataona. Gari inakaa. Usiku mtoto akishikwa na homa unaita teksi ngapi?

ODHIS: Na bima nani atalipa? Mafuta?

SHIRU: Mwenye kupeana! Mama, mwambie hivi, tunachukua, lakini wewe ndio unamaliza usajili, unapaka rangi, na unalipa bima ya mwaka wa kwanza. Kama ni zawadi ya ukweli atakubali.

ODHIS: Na akikataa?

SHIRU: Basi auze, paybill anayo.

ODHIS: Hiyo sasa tumeelewana. Nani mwingine ameandika?

SHIRU: Kuna kijana wa Rongai anauliza kuhusu landlord na deposit.

ODHIS: Wacha nimalize chai kwanza.