Noémia de Sousa, dada wa Msumbiji tusiyemjua

BAKARI: Karibuni tena jamani. Rehema leo kaja na kitabu cha Kireno, sasa we Kireno umejulia wapi?

REHEMA: Naunga unga tu na kamusi pembeni hahaha. Hiki ni Sangue Negro, yaani Damu Nyeusi, cha mshairi wa Msumbiji, Noémia de Sousa. Kazaliwa Catembe 1926, ng'ambo ya ghuba ukitokea Lourenço Marques, ndo Maputo ya leo.

BAKARI: Simjui hata kwa jina.

REHEMA: Ndo maana nimemleta! Mashairi yake karibu yote kaandika kati ya 1948 na 1951, binti wa ishirini na kitu, Mreno bado kaikalia nchi, mengine yakatoka kwenye gazeti la O Brado Africano, mengine yakapigwa stensili watu wakawa wanapeana mkono kwa mkono. Kitabu kimekuja kutoka 2001, na yeye kafariki 2002.

BAKARI: Wee! Nusu karne?

REHEMA: Na hapa sasa anatugusa sisi. Kuna shairi anasema ukitaka kunijua, tazama kinyago cha mpingo alichokichonga ndugu Mmakonde nisiyemjua huko kaskazini. Macho mashimo matupu, mdomo umechanika kwa uchungu, mikono mikubwa imeinuliwa juu inaomba na kutishia hapohapo, mwili una makovu ya mijeledi ya utumwa.

BAKARI: Aisee. Na pale Mwenge, soko la vinyago Dar, tunavipita kila siku watalii wanabishana bei.

REHEMA: Basi hivyohivyo, Wamakonde si wako pande zote za mto Ruvuma, kwetu Tanzania na kwao Msumbiji. Ila mimi linaloniuma zaidi ni la Magaíça, yule kijana anayeenda migodi ya dhahabu Afrika Kusini. Anarudi na masanduku yamejaa vitu vya kung'aa vya bandia, halafu Noémia anauliza ujana wake uko wapi, afya iko wapi, kumbe vinameremeta kifuani kwa bibi mmoja wa kizungu kwenye sherehe ya usiku.

BAKARI: Duh. Hapo hajatukana mtu na kamaliza kila kitu.

REHEMA: Lingine yuko kwenye nyumba ya mbao na mabati, usiku, marimba zinasikika kwa mbali, anafungulia redio anawakuta Paul Robeson na Marian Anderson, waimbaji weusi wa Marekani, wanaimba waacheni watu wangu waende. Usingizi wote kwisha, anakaa mezani anaandika.

BAKARI: Sasa mbona akaacha?

REHEMA: Wareno wakaanza kumfuatilia, 1951 akaondoka kwenda Lisbon, 1964 akakimbilia Ufaransa, akawa mwandishi wa habari. Mashairi akayaweka kando karibu kabisa.

BAKARI: Mimi hapo namlaumu kidogo dada yangu, watu wake ndo kwanza wameingia vitani kudai uhuru na kalamu anayo.

REHEMA: Umlaumu kwa lipi Bakari? Vijana waliokwenda msituni walishakua na mashairi yake, ulitaka awaandikie kila mwaka kama ripoti?

BAKARI: Sawa sawa, usinimeze. Hebu soma hilo la kinyago lote, polepole, na Kireno chako hichohicho.