Ncha ya mzizi wa kitunguu: mhadhara kwa wanafunzi wa biolojia, mwaka wa kwanza

Karibuni, vijana. Wengi wenu mmefika chuoni mkiijua mitosisi, yaani kugawanyika kwa seli moja kuwa mbili, kwa kukariri hatua zake: profezi, metafezi, anafezi, telofezi, kama siku za juma. Leo tuizungumzie kwa mikono.

Kitunguu kikikalishwa juu ya kopo, kitako kikigusa maji, baada ya siku mbili tatu kinatoa mizizi ya sentimita 1 au 2. Kateni milimita 2 za mwisho tu. Hapo ndipo seli zinapogawanyika. Za juu yake zinarefuka tu, na aliyeweka kipande cha juu kwenye slaidi atatafuta kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, mpaka kipindi kiishe.

Ncha iingie katika asidi ya haidrokloriki ya mola 1, nyuzijoto 60, dakika 5. Asidi hulegeza pektini, gundi inayozishikanisha seli. Ukiwahi kuitoa, seli zinabaki rundo. Ukichelewa, ncha inakuwa uji, koleo haliishiki. Isuuze kwa maji, tia tone la rangi ya orseini, iponde taratibu, funika kwa kioo chembamba. Juu weka karatasi ya kufyonza, kisha kandamiza kwa dole gumba, wima kabisa. Dole likiteleza, seli zinaviringika na kupasuka, na kioo huenda kikavunjika.

Kwenye hadubini anza na lenzi inayokuza mara 4, kisha 10, kisha 40. Ukifika 40 usiguse tena skrubu kubwa: lenzi imekaribia mno kioo. Ukiona duara lenye ukingo mweusi mzito na katikati tupu, hicho ni kiputo cha hewa. Msikichore mkakiandika “seli”.

Sasa hesabuni. Tuseme kati ya seli 200, zinazogawanyika ni 18: hiyo ni asilimia 9. Seli zilizo katika anafezi, hatua ambapo kromosomu huvutwa pande mbili, zitakuwa chache sana, na wengi hapo hudhani slaidi imeharibika. Haijaharibika. Hatua inayopita upesi hukutwa katika seli chache, kwa hiyo uchache huo unawapimia muda wake.

Nawasihi kwa dhati: kitunguu kina kromosomu 16, lakini ukihesabu 13 andika 13, ueleze kwamba nyingine zimelaliana. Mchoro uwe wa penseli iliyochongwa, mstari mmoja, bila kivuli, na ukuzaji uandikwe: lenzi ya jicho 10 mara 40, yaani 400.