Kabla hujagusa chati, panga tebo zako

Haya jamani tuanze, wale wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Nimeombwa niongelee namna ya kupanga modeli ya data, yaani tebo zako na zinavyoungana, kwenye Power BI, ile programu ya Microsoft ya kutengenezea ripoti, na najua wengi mmekuja kwa ajili ya chati, zile rangi, ile ramani unabonyeza mkoa namba zote zinabadilika. Zipo, zitakuja. Ila ripoti nyingi zinazotoa namba za ajabu maofisini ukizifukua unakuta chati haina kosa, fomula haina kosa, ni tebo tu zimemwagwa humo kama zilivyotoka Excel halafu mtu kaanza kuburuta vitu kwenye ukurasa.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lenye matawi Dar, Morogoro na Dodoma. Nionyeshe risiti moja hapa kwenye ubao. Mteja kachukua sementi mifuko 20, nondo 15, bati 30, na kalipia usafiri shilingi 60,000. Mfumo wa duka ukitoa faili, hiyo risiti inakuja mistari mitatu, kila bidhaa na mstari wake, na kwenye kila mstari kuna kolamu ya usafiri imeandikwa 60,000. Mmeona? Sasa weka hiyo kolamu kwenye Power BI, yenyewe inajumlisha tu, haikuulizi, unapata 180,000. Bosi anaona usafiri unaingiza hela kuliko sementi, anafikiria kununua fuso lingine.

Kwahiyo kabla ya kitu chochote jiulize, mstari mmoja wa hii tebo ni nini? Ni risiti nzima, au ni bidhaa moja ndani ya risiti, au ni mauzo ya siku nzima ya tawi? Ukishindwa kulijibu hilo kwa sentensi moja usiendelee, rudi kwa mtu wa duka umuulize. Hapo kwenye usafiri mimi napenda kuufanya mstari wake wenyewe, kama bidhaa ya nne, wengine wanaupeleka kwenye tebo ya risiti pembeni, vyote sawa, kisicho sawa ni kuuacha unajirudia.

Ukishajua mstari ni nini, tenganisha matukio na maelezo. Tukio ni kitu kimetokea: kimeuzwa, kimelipwa, kimepelekwa. Tebo yake ni ndefu, ina tarehe, namba ya bidhaa, namba ya tawi, idadi, kiasi, basi. Maelezo ni yale ya kuchujia: bidhaa inaitwaje iko kundi gani, tawi liko mkoa gani, mteja ni fundi au kampuni. Matukio katikati, maelezo yanazunguka, ndo wanaita mpangilio wa nyota. Si kitu cha Microsoft hicho, Mmarekani mmoja Ralph Kimball amekihubiri tangu miaka ya 1990, wakati Power BI yenyewe imetoka rasmi 2015.

Kuna kaka anatikisa kichwa, anasema kwani tebo moja yenye kila kitu ina shida gani, mbona Excel inafanya kazi. Inafanya, kwa faili dogo la mara moja sikukatalii. Ila subiri waje na malengo. Malengo ya mauzo yanakuja kwa mwezi kwa tawi, mauzo yako kwa bidhaa kwa risiti, sasa hiyo tebo moja utaibandika wapi lengo la mwezi? Utarudi kulekule kwenye usafiri, lengo linajirudia kila mstari. Kwenye nyota malengo ni tebo nyingine ya matukio, haiunganishwi na mauzo moja kwa moja hata siku moja, zote mbili zinashika tebo ya tawi na tebo ya tarehe. Lengo lipe tarehe 1 ya mwezi, halafu usilionyeshe kwa siku maana litajaa lote tarehe 1 na siku zingine sifuri.

Uhusiano sasa, yaani ule mstari unaochorwa kuunganisha tebo mbili. Upande wa maelezo kila namba, tuseme ya bidhaa, inatokea mara moja tu, upande wa matukio inajirudia. Filta inatoka kwenye maelezo inashuka kwenye matukio. Ukiunganisha Power BI ikakwambia uhusiano ni wa wengi kwa wengi, yaani namba inajirudia pande zote mbili, watu wanabonyeza sawa wanaendelea, usibonyeze! Mara nyingi maana yake kuna bidhaa imesajiliwa mara mbili. Na ile ya kuruhusu filta iende pande zote mbili iacheni, inavutia inapokwama kitu ila baadae hutajua namba imetoka njia ipi.

Hapa nikae kidogo maana ndo watu wengi wanaumia, namba za simu. Maduka mengi yanamtambua mteja kwa simu. Keshia mmoja kaandika 07 kwa mwanzo, mwingine 2557, mwingine +2557 na nafasi katikati, halafu Power BI ikipakia inaona tarakimu inaigeuza kuwa hesabu, sifuri ya mbele inaondoka. Mteja mmoja, sura nne. Matokeo yake kwenye ripoti unaona mstari hauna jina lakini una mauzo. Huo mstari mtupu watu wanauficha kwa filta, jamani msiufiche, hayo ni mauzo yaliyokosa mwenyewe kwenye tebo ya wateja. Dawa iko Power Query, ile sehemu ya Power BI ya kusafishia data: fanya kolamu iwe maandishi, toa nafasi, chukua tarakimu 9 za mwisho, fanya hivyo tebo zote mbili, ya mauzo na ya wateja, ndo uunganishe.

Tarehe nazo. Tengeneza tebo ya tarehe yako, siku zote bila kuruka hata moja, uiwekee alama kwamba hii ndo tebo ya tarehe, na uzime ile ya Power BI kujitengenezea tarehe yenyewe maana inazalisha tebo iliyofichwa kwa kila kolamu ya tarehe, faili linanenepa bure. Humo weka na mwaka wa fedha, serikalini unaanza Julai 1 hadi Juni 30, kampuni nyingi Januari hadi Desemba. Kama kuna tarehe ya kuuza na tarehe ya kupeleka, mstari mmoja tu wa uhusiano unafanya kazi, wa pili unakuwa wa nukta nukta, unauamsha ndani ya fomula kwa USERELATIONSHIP. Na 03/04 kwenye kompyuta yenye mipangilio ya Marekani ni Machi 4, angalieni sana hapo.

La uzito wa faili: injini ya Power BI inayotunza data inahifadhi kolamu kwa kolamu na inabana vinavyojirudia, kwahiyo tarehe yenye saa na sekunde ni mzigo, tenga tarehe na saa kolamu mbili, na kama saa huitumii itupe.

Dada anauliza, mfumo wao hautoi namba ya bidhaa, jina tu, na kila tawi linaandika lake. Hiyo kawaida sana. Tengeneza tebo ndogo ya kolamu mbili, jina lilivyoandikwa na jina sahihi, pitisha mauzo hapo kwanza. Ila ijazwe na mtu wa stoo usijaze wewe, yeye ndo anajua "bati g30" na "bati geji 30" ni mzigo mmoja, na sementi 32.5 na 42.5 si mzigo mmoja. Haya fungueni laptop, tuanze na tebo ya bidhaa.