Weupe Ndani ya Mboni: Mhadhara Kuhusu Saratani ya Jicho kwa Watoto

Ndugu wazazi, walezi, wauguzi wa kliniki za watoto na nyote mliofika, asanteni kwa kuja. Leo tunazungumzia saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, ambayo madaktari huiita retinoblastoma. Naanza na neno ambalo hata atakayetoka mapema nataka aondoke nalo: ukiona weupe ndani ya mboni ya jicho la mtoto, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo. Usingoje akue, wala usingoje jicho limuume. Mwanzoni haliumi, na mtoto anacheza kama kawaida, na hapo ndipo siku nyingi zinapotea.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga, yaani retina. Saratani hii huanzia kwenye seli za utando huo zikiwa bado changa, ndiyo maana karibu wote wanaoipata hawajatimiza miaka 5, na wengine hugunduliwa wakiwa bado wananyonya. Humpata mtoto 1 kati ya kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Ni ugonjwa adimu, na uadimu huo ni hatari yake nyingine. Muuguzi anaweza kufanya kazi hadi astaafu asikutane nao hata mara moja. Akija mama akasema jicho la mwanawe linang'aa jioni, anajibiwa kwamba mtoto hana tatizo, arudi nyumbani.

Wauguzi wenzangu, mama akisema hivyo, mwaminini kwanza. Yeye anamtazama mtoto kwenye mwanga hafifu, akimnyonyesha, akimgeuza huku na huku. Chumba cha kliniki kina mwanga mkali, mboni imejikaza ikawa ndogo, na weupe hauonekani. Kwa hiyo zimeni taa, vuteni mapazia. Mtoto akae mapajani kwa mzazi, nawe simama umbali wa mkono mmoja, umtazame kupitia kile kifaa chenye taa cha kuangalilia ndani ya jicho. Jicho zima hurudisha mng'ao mwekundu unaoelekea rangi ya chungwa, na macho yote mawili yanatakiwa yafanane. Moja likiwa jeupe, au limefifia kuliko jenzake, andika rufaa. Kazi yote haimalizi dakika 2.

Hata picha za simu zinasaidia. Bryan Shaw, mkemia wa Chuo Kikuu cha Baylor nchini Marekani, alirudi kwenye picha za familia yake baada ya mwanawe kugunduliwa kuwa na saratani hii. Akakuta weupe ulikuwa umeshaanza kuonekana mtoto akiwa na siku 12 tu. Fikirini hilo. Ishara ilikuwa kwenye picha, na hakuna aliyeambiwa maana yake. Lakini msitishike na picha moja. Mwanga ukiingia kwa pembe fulani, hata jicho zima linaweza kuonekana jeupe mara moja. Ukijirudia, nendeni. Na kumbukeni kuwa simu nyingi hufuta wekundu wa macho zenyewe, basi picha safi isiwatulize kama nyinyi wenyewe mmeuona weupe.

Ishara ya pili ni makengeza. Mtoto aliyeanza kukengeza apimwe pia. Weupe unaweza vilevile kuwa mtoto wa jicho, ambao nao unataka daktari haraka, kwa hiyo msikae nyumbani mkibishana ni kipi.

Sasa nije kwenye jambo gumu. Ugonjwa ukishalijaza jicho, daktari atawaambia jicho litolewe. Wapo wazazi ambao wakisikia hivyo humchukua mtoto wakaondoka hospitalini. Nawaelewa, kwa sababu hakuna aliyewaeleza kinachofuata. Basi nieleze. Jicho hilo mara nyingi limeshapoteza uwezo wa kuona. Linachofanya ni kulisha uvimbe, na uvimbe una njia ya kufika kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu wa jicho. Mtoto hulazwa usingizi kwa dawa, jicho likatolewa, na mahali pake pakawekwa kitufe kidogo cha mviringo ili uso usibonyee. Baada ya wiki kadhaa, kidonda kikipona, anatengenezewa jicho la bandia: kigamba chembamba kinachopakwa rangi kufuata jicho lililobaki, na kuvaliwa chini ya kope. Mtoto akikua hubadilishiwa. Mwenye jicho moja tangu utotoni hukimbia na kusoma kama wenzake.

Na msishangae daktari akiamua bila kukata kipande cha uvimbe kwenda maabara. Saratani nyingine hupimwa hivyo, lakini hii ukiichoma sindano unaweza kuzimwaga seli zake nje ya jicho. Huamuliwa kwa kuangalia ndani na kwa picha za vipimo.

Ikiwahiwa, mara nyingi jicho lenyewe linaokolewa, kwa dawa za saratani, kwa leza, au kwa kugandisha uvimbe kwa baridi kali. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 95 kati ya 100 wanapona. Katika nchi maskini kabisa, wanaopona ni zaidi kidogo tu ya nusu. Dawa na wataalamu wachache ni sababu mojawapo, lakini wengi hufika jicho likiwa limeshatokeza nje, na hilo la kuchelewa sisi tuliomo humu tunaliweza.

Mama asilaumiwe. Hakuna alichokula wala alichofanya akiwa mjamzito kilicholeta ugonjwa huu. Chanzo ni kuharibika kwa jeni iitwayo RB1, na mara nyingi huharibika kwa mtoto mwenyewe bila kurithiwa. Ila takriban 4 kati ya kila 10 wana kasoro wanayoweza kuipitisha kwa watoto wao, tena kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Kwa hiyo mtoto mmoja akigunduliwa, wadogo zake na kaka na dada zake wapimwe, na akikua akapata watoto, wapimwe tangu wiki za kwanza.

Vifaa vipo pale mezani. Wauguzi wa kliniki njooni kwanza, tufunge mapazia, kila mmoja aangalie macho ya mwenzake mpaka aujue vizuri ule mng'ao mwekundu. Wazazi wenye maswali, nitakaa nanyi upande huu.