Chafya Iliyovunja Kisanduku

Ndugu zangu wachoraji, karibuni. Leo tunazungumzia katuni zinazojua kwamba ni katuni. Kabla sijaonyesha picha ya kwanza, anyooshe mkono ambaye hajawahi kuketi kwenye kibanda cha video akimsikiliza VJ, yule anayeitafsiri filamu papo hapo. Hakuna? Hii ni Kampala kweli. VJ anaidakia filamu katikati, anamtania jambazi, anakunong'oneza kwamba yule mwenye koti hafiki mwisho. Na filamu haiharibiki, watu wanaingia kwa sababu yake.

Sasa tazameni hii, ya mwaka 1905, gazeti la New York Herald. Winsor McCay alikuwa na katuni ya mtoto aitwaye Sammy, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga chafya na kuvuruga shughuli za watu. Safari hii hamna watu wa kuvuruga. Yuko peke yake kisandukuni, yaani ndani ya ile mistari inayozunguka kila picha ya katuni. Chafya inapanda, inapanda... halafu kisanduku chenyewe kinapasuka! Mistari imemwangukia. Chekeni kwanza, nasubiri.

Mtoto hakutamka "mimi ni katuni". McCay aliuchukua ule mstari wa pembeni, ambao macho yetu huuruka, akaufanya kitu cha kuvunjika. Huo ni utani wa mchoro tu; redio ingeufanyaje?

Ndiyo maana Deadpool, yule mhusika wa katuni za Marvel, hunichosha upesi, mnisamehe mashabiki wake. Anapiga soga na msomaji, sawa, lakini mchekeshaji yeyote jukwaani hufanya hivyo. She-Hulk, shujaa wa kike wa Marvel, alivyochorwa na John Byrne kuanzia 1989, namheshimu zaidi: anagombana na mwandishi wake, tena anachana ukurasa apite.

Ila aliyenimaliza ni mchoraji Mfaransa Marc-Antoine Mathieu. Katika kitabu chake cha katuni L'Origine, cha 1990, kisanduku kimoja kimekatwa, pamebaki tundu halisi kwenye karatasi. Unaposoma, picha inayoonekana tunduni ni ya ukurasa unaofuata. Ukifunua, tundu lilelile linakurudishia picha uliyokwisha kuiona. Yaani kesho imeingia leo bila mtu yeyote kueleza, na kiwanda cha uchapaji ndicho kilichosimulia.

Wengi wenu mnachorea simu. Simu haitoboki, wala msijaribu. Lakini ina kioo kinachotelezeshwa kwa kidole, ina picha inayokwama bando likiisha. Nichoreeni mhusika anayejua hayo, asiseme neno hata moja. Visanduku sita vinatosha. Haya, maswali, tuanze na dada wa nyuma pale.