Ni Siku Ngapi Ruvu Hautatosha?

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, habari za jioni.

Naingia mlangoni hapa, mzee mmoja kanishika mkono: "Mwanangu, hiyo kompyuta yenu inajua masika yajayo yataanza lini?" Nikamwambia, baba, haijui. Akacheka. Nitamrudia, ila kwanza twendeni mtoni Ruvu.

Huku kwetu wilaya ya Bagamoyo ndiko uliko mtambo wa Ruvu Chini. Una uwezo wa kusafisha lita milioni 270 za maji ya mto huo kwa siku, na nyingi huenda Dar es Salaam. Ukigawa, ni lita 3,100 na ushee kila sekunde. Na kule juu mtambo wa Ruvu Juu, wa lita milioni 196, umeshachota zake. Mto ukifurika, lita hizo si kitu. Mwishoni mwa Oktoba, vuli haijaanguka, ndipo hesabu inapouma. Mwaka 2022 vuli ilichelewa, Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao, madumu yakapanga foleni.

Kwa hiyo mtu akiniambia "modeli zinasema mvua itaongezeka," yaani zile programu za kompyuta zinazoiga hali ya hewa, mimi humuuliza: mwezi gani? Ni kweli, modeli nyingi za tabianchi zinaonyesha Afrika Mashariki itanyeshewa zaidi. Kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Lakini tangu miaka ya 1980, kwa miongo kadhaa, masika ya ukanda huu yalikuwa yakipungua. Kompyuta inasema hivi, vipimo vya mvua vinasema vile, na wataalamu bado wanabishana. Mimi sioni aibu. Ningeogopa zaidi kama modeli zote zingeitikia wimbo mmoja.

Kuna na tatizo la ukubwa. Modeli ya dunia huikata nchi vipande, kila kimoja kama kilomita 100 kwa 100. Kipande kimoja kinaweza kumeza bahari, Bagamoyo na Chalinze, kikavigawia mvua ileile. Milima ya Uluguru, yenye vilele vinavyopita mita 2,600, husawazishwa ikabaki kama kichuguu, na huko ndiko Ruvu unakozaliwa! Basi tunayapunguza matokeo yale hadi ukubwa wa bonde la Ruvu, tunaweka na msitu, mashamba, udongo, na kila anayechota.

Udongo, jamani, hunywa kwanza. Mvua ikiwa haba baada ya kiangazi kirefu, karibu yote huishia kwenye ardhi na mizizi, mto usione kitu. Ndiyo maana upungufu mdogo wa mvua ukifika mtoni huwa mkubwa. Joto likizidi, kiu ya ardhi nayo huzidi.

Hatuiendeshi modeli mara moja. Tunaiendesha mara mamia: vuli kama ya 2019, bahari ilipopata joto upande wetu tukafurikiwa; vuli kama ya 2022, joto lilipoegemea upande wa Indonesia. Kisha tunahesabu: kwa mwaka, ni siku ngapi mto hautatosha pampu? Wastani wa mwaka haunyweki.

Bwawa la Kidunda, linalojengwa kwenye mto huu huko Morogoro, limepangiwa mita za ujazo milioni 190. Kwa mitambo yote miwili hizo ni siku zipatazo 400, ukilisahau jua linaloyakausha maji na tope linalolijaza bwawa, navyo havisahauliki. Tena lazima maji mengine yaachwe yateremke hadi baharini. Wanaovua kwenye mlango wa Ruvu wanajua: mto ukipwaya, bamvua huisukuma chumvi juu zaidi.

Haya, mzee wangu pale mlangoni. Masika siyajui. Lakini rekodi zetu za mto zina mapengo, na wewe umeishi ndani ya mapengo hayo. Mwaka gani uliona chumvi imepanda mbali kuliko yote, na ilifika wapi? Nimeshika kalamu.