Mashimo meusi na mabadiliko ya hali

Asante, mwenyekiti. Mada yangu ni jinsi mashimo meusi yanavyobadili hali, kama barafu inavyogeuka maji. Nianze na ugomvi wa miaka ya 1970, maana bila huo mengine hayashikiki.

Mwaka 1972 Jacob Bekenstein, mwanafunzi wa uzamivu pale Princeton, alidai kwamba shimo jeusi, yaani mahali penye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, lina entropia, yaani kipimo cha vurugu ya ndani, na kwamba entropia hiyo hufuata eneo la upeo wa shimo, ule mpaka usiorudika, si ujazo wake. Mwanafizikia Stephen Hawking alipinga. Chenye entropia kina jotoridi, na chenye jotoridi hutoa mnururisho, yaani nishati inayosambaa kama joto la moto, ilhali shimo jeusi halitoi kitu! Mwaka 1974 Hawking huyohuyo akapiga hesabu za kwanta, yaani za fizikia ya vitu vidogo kabisa, akakuta linatoa.

Kidogo mno, lakini. Shimo lenye uzito wa Jua letu lina jotoridi la takriban kelvini 0.00000006, yaani digrii juu ya sifuri kamili, na anga linalolizunguka lina kelvini 2.7. Linapokea kuliko linavyotoa, kwa hiyo msikeshe mkingoja kuliona likiyeyuka.

Ugumu wenyewe ni huu: sufuria ukiiepua jikoni hupoa, lakini shimo jeusi likipoteza nishati huzidi kupata moto. Likipata moto hupoteza zaidi. Likilishwa hupoa, kisha humeza zaidi. Kitu kisichotulia na mazingira yake huwezi kukiuliza kiko katika hali gani.

Mwaka 1983 Hawking na Don Page walilihamishia, kwa hesabu, kwenye anga-wakati (anga na wakati vikichukuliwa kuwa kitu kimoja) lenye mpindo hasi, liitwalo anti-de Sitter. Huko mpindo wenyewe ndio ukuta: mnururisho ukienda mbali hurudishwa. Wakakuta kwamba chini ya jotoridi fulani hakuna shimo linaloweza kusawazika na joto hilo. Juu yake yapo mawili: dogo, lenye ukorofi uleule, na kubwa, ambalo ukiliongezea nishati jotoridi lake hupanda, kama kitu chochote cha kawaida. Pandisha joto kidogo tena, hadi nusu kipenyo ya upeo wa shimo kubwa ilingane na urefu unaopima mpindo wa anga hilo; kuanzia hapo shimo hilo ndilo hali inayopendelewa kuliko gesi tupu ya mnururisho. Ni badiliko la ghafla, lenye joto fiche, yaani nishati inayotumika kubadili hali tu, kama barafu na maji.

Ukilitia shimo chaji ya umeme, hadithi inanoga. David Kubizňák na Robert Mann, mwaka 2012, walikichukua kigezo cha kosmolojia, namba inayoamua mpindo wa anga tupu, kuwa ndicho shinikizo, wakapata mabadiliko kati ya shimo dogo na kubwa yanayofanana na ya gesi na kimiminika. Hata ule uwiano wa 3/8, unaounganisha shinikizo, ujazo na jotoridi katika nukta hakiki, pale tofauti ya hali mbili inapotoweka, katika fomula ya gesi ya mwanafizikia van der Waals, ulitoka vilevile. Mimi bado unanistaajabisha: fomula yake ilikuwa ya gesi za maabara.

Mtaniambia ulimwengu wetu hauna mpindo huo. Kweli, vipimo vya 1998 vya nyota zilizolipuka vilionyesha kigezo cha kosmolojia chenye alama ya kinyume, yaani chanya. Hii si elimu ya nyota. Lakini mwaka huohuo Edward Witten alionyesha kwamba badiliko la Hawking na Page, likisomwa katika nadharia pacha isiyo na mvutano, yaani nyingine inayoeleza mambo yaleyale kwa lugha ya chembe, ni lile la chembe zilizofungwa pamoja kuachiana kwa joto, jinsi kwaki, chembe zilizomo ndani ya protoni, zinavyofanya. Hesabu za chembe hizo ni ngumu kupindukia. Za shimo jeusi tunaziweza kwa kalamu na karatasi.

Karibuni kwa maswali.